Drumline Machoni mwa Wapiga Msondo
Mashoga, tumeitazama Drumline, ile filamu ya Marekani ya mwaka 2002. Devon, kijana wa Harlem, ana mikono myepesi ajabu, lakini anawekwa pembeni kwa kuwa alificha kwamba hajui kusoma nota. Kwa kuficha, sawa, na awekwe. Ila nota kuwa ndiyo kipimo cha mpigaji, hapo tunakataa. Msondo tumefundishwa kwa sikio na mabibi zetu.

Aliyetugusa zaidi ni Diedre, msichana katikati ya wavulana, kajifunga ngoma yake. Filamu inampita tu. Tulitaka ituambie kwao walisemaje alipochukua ngoma, maana sisi tulisemwa, na wanaotusema ndio wanaotuita harusi zao zikifika.