Kava la plastiki lililozua mjadala nyumbani

Ukitaka kumpima fundi wa gari, msomaji, usimtazame anapofungua injini. Kufungua hata mtoto anajua akipewa spana. Mtazame anapofunga, kisha uhesabu bolti zilizobaki kwenye sufuria ya mafuta ya taa.

Nayasema haya kwa sababu ya Subaru ya kaka yangu. Kaka anaishi Mtongwe, ng'ambo ya Likoni, na kazi yake iko Changamwe. Gari lenyewe ni Impreza WRX ya mwaka wa 2004, ile yenye tundu la hewa juu ya boneti na mngurumo ambao majirani huusikia kabla ya kuliona gari. Ugonjwa huo aliupata angali shuleni. Mwaka wa 1997 marehemu Colin McRae alishinda Safari Rally kwa Impreza, na mwaka wa 2000 marehemu Richard Burns akashinda kwa Impreza pia. Wavulana wengi wa rika la kaka waliapa kwamba siku moja wataendesha gari hilo. Yeye alitimiza, ingawa alikuwa mwenyeji wa tatu wa gari hilo hapa nchini.

Mwaka jana ulifika wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi. Kwa wasiojua, mkanda huo ni wa raba yenye meno. Kazi yake ni kuunganisha krankshafti, inayozungushwa na pistoni, na kamshafti zinazofungua na kufunga vali. Injini ya Impreza hiyo ina vali 16. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde moja, na kila vali hufunguka mara 50 katika sekunde hiyo hiyo. Sasa fikiria mkanda ukate, au uruke meno kadhaa. Vali zitakuwa zimeshuka wakati pistoni inapanda. Chuma kitagonga chuma, vali zitapinda, na hapo mtu huambiwa atafute injini nyingine.

Mkanda huo hufunikwa na makava matatu ya plastiki nyeusi mbele ya injini: la kati, la kushoto na la kulia. Hushikwa na bolti ndogo za spana ya kumi, na pembeni huwa na raba nyembamba ya kuzuia vumbi na maji. Kuyatazama tu, utadhani ni urembo.

Fundi wa kaka ana gereji yake Mikindani. Ni mzee mpole mwenye maneno machache. Alipogusa kava la kushoto, sikio lake lilikatika kama kigae. La kati lilikuwa limefungwa kwa waya na gereji moja iliyolifungua zamani, na bolti mbili hazikuwepo. La kulia lilikuwa na ufa kutoka juu hadi chini.

"Dada, njoo utazame," aliniambia, maana siku hiyo mimi ndiye niliyempelekea kaka chakula. Akapitisha kidole ndani ya kava la kati na kunionyesha. Palikuwa na mchanga, mchanga hasa wa pwani, pamoja na kijiwe cha ukubwa wa punje ya mahindi.

Plastiki hiyo huharibiwa na joto kwanza. Kila injini inapochemka na kupoa, plastiki hutanuka na kunywea, na miaka inavyopita hupoteza ule ulaini wake ikabaki kukauka. Gari la turbo lina joto zaidi chini ya boneti. Siku hizi wapo wa Likoni wanaozunguka Dongo Kundu, lakini gari hili limekula miaka mingi ya foleni ya feri, limesimama injini ikinguruma, hewa haipiti. Ongeza oili inayovuja kwenye sili za kamshafti. Kisha chumvi ya bahari hushika kutu zile bolti, na fundi mwenye haraka akilazimisha bolti iliyoganda, huvunjika plastiki wala si bolti.

Nyumbani ndiko mambo yalikozuka. Kaka alisema mkanda mpya uwekwe na makava yaachwe kabisa. Rafiki zake walikuwa wamemwambia kwamba magari ya mashindano huendeshwa wazi, puli zionekane. Na iwe kweli! Timu ya mashindano hufungua injini yake kila mara na ina mafundi wake. Kaka hufungua boneti akisikia mlio tu. Tena mkondo wa maji ya mvua za Aprili na Mei pale Changamwe haumwulizi mtu kama gari lake ni la mashindano.

Wifi yangu naye hakutaka kusikia habari ya kava. Pesa iliyokuwepo ilikuwa ya karo ya mtoto wao wa kwanza, na muhula ulikuwa unakaribia. Kwake yeye kipande cha plastiki kisichozungusha chochote hakingeweza kushindana na shule. Sikumlaumu.

Jumamosi akaja mwenyewe gereji, mikono kiunoni. Mzee hakubishana. Alimwekea mkanda wa zamani mkononi, akamwambia, "Mama, pitisha kidole hapa." Meno mawili yalikuwa yamelika pembeni na moja lilikuwa na jeraha mbichi. Akamweleza kwamba kijiwe kama kile kikiingia kati ya mkanda na puli, mkanda huruka. Wifi akauliza injini ya mtumba kutoka Japani ni pesa ngapi. Alipotajiwa alinyamaza, kisha akasema atatoa pesa yake ya chama.

Tulianza na spea za mtumba. Kisauni kuna yadi ya magari yaliyofunguliwa, na kava tulilipata kwa bei ya kutupa. Mzee alilikunja pembeni kidogo tu, mstari mweupe ukatokea. Alilirudisha. Kava lililotoka kwenye injini ya umri ule ule limepikwa kwa moto ule ule, na nashangaa wanaolinunua kisha wakalalamika. Zuri hukunjika na kurudi bila alama. Mwishowe tuliagiza mapya matatu na raba zake, shilingi elfu 14. Yalichukua wiki tatu kufika, na muda wote huo kaka alipanda matatu na kuvuka feri kwa miguu. Hakufurahi.

Siku ya kufunga, mzee alibadilisha pia sili za kamshafti na pampu ya maji, kwa kuwa pampu hiyo huzungushwa na mkanda huo huo na kuifikia ni lazima ufungue kila kitu upya. Bolti za makava alizipaka grisi kidogo, akazikaza kwa vidole viwili juu ya spana fupi. Kipimo chake ni kama Newton-mita 5 tu. Ukikaza kwa bega, kava jipya hupasuka siku hiyo hiyo.

Wenye Subaru za kawaida zilizotengenezwa miaka ya karibuni wana cheni badala ya mkanda, kwa hivyo shida hii haiwahusu. WRX STI ndiyo iliyoendelea na mkanda kwa muda mrefu, kwa hiyo mwenye nayo na aulize makava yake yako wapi.

Karo tulilipa kwa awamu mbili. Ya pili iliingia siku moja kabla ya mtihani wa katikati ya muhula.