Maji Yapoteayo Bila ya Kudondoka

Hatuandiki habari hii kwa kujifanya mafundi wa motokaa, kwani kazi yetu ni kusomesha watoto chuoni. Twaandika kwa kuwa tulimdhulumu kijana kwa ajili ya maji ya rejeta, na aliyekosa mbele ya watu yampasa aungame mbele ya watu. Tena huenda habari hii ikamfaa mwenye gari.

Chuo chetu hapa Tanga kina gari dogo la abiria lililonunuliwa kwa michango ya wazazi. Dereva wake alikuwa kijana tuliyemsomesha wenyewe tangu alifu. Katika Mfungo Sita wa mwaka 2023 tulialikwa maulidini Lushoto, tukaondoka na wanafunzi. Tulipoiacha Mombo na kuanza kuukwea mlima, mshale wa joto nao ukakwea, na kabla ya nusu ya njia mvuke ukafuka chini ya boneti. Watoto wakateremka wakilia. Maulidini hatukufika.

Pale pale kando ya barabara, mbele ya watoto na wazee tuliofuatana nao, tulimwambia kijana, “Hukutia maji asubuhi.” Akajibu kwa adabu, “Nilitia, Maalim. Nami nimekwisha kukwambia mara tatu kwamba maji yapungua, wala sioni yatokako.” Hatukumsikiliza. Chini ya gari palikuwa pakavu, nasi tukaufanya ukavu ule kuwa shahidi juu yake: maadamu maji hayakumwagika, basi hayakutiwa. Siku ya pili tukamnyang'anya ufunguo. Kijana yule, ambaye ndiye amlishaye mama yake, akaenda kubeba mizigo sokoni.

Gari likavutwa hadi kwa fundi mmoja mzee. Tukamwambia, “Dereva ameliua.” Akasema, “Maalim, gari lenyewe halijasema bado. Tuliulize kwanza.”

Akangoja injini ipoe kabisa. Alitueleza kuwa maji yaliyofungiwa chini ya kifuniko cha rejeta hukandamizwa, hata yakapita digrii 100 bila ya kuchemka. Afunguaye kwa pupa hurukiwa usoni. Kisha akatazama mipira ya maji na vibanio vyake, maungio ya rejeta, kitundu kilicho chini ya pampu ya maji, na zulia la mbele, kwani kisanduku cha hita nacho huweza kuvuja. Kote kukavu.

Akajaza maji, na mahali pa kifuniko akafunga pampu ya mkono yenye geji. Akasukuma upepo hadi 0.9, kipimo kilichoandikwa juu ya kifuniko chenyewe. Mshale ukashuka polepole, na nje halikutoka hata tone moja. “Maji yatoka, Maalim,” akasema, “ila yatokea ndani.” Hapo akafungua plagi zote. Tatu zilikuwa na weusi wa kawaida. Ya nne ilitoka imelowa, nyeupe kama iliyooshwa. Injini ilipozungushwa, tundu lile likatema maji.

Baina ya bloku na silinda hedi pana bamba jembamba liitwalo gasketi. Kazi yake ni kutenga vitu vitatu visikutane: moto wa silinda, maji na oili. Likiungua, maji huingia katika silinda, nayo hutoka nyuma kwa eksozi kama moshi mweupe usiokoma hata injini ikisha kupata moto. Au gesi ya moto huingia majini, na mapovu yakaonekana katika rejeta, na mpira wa juu ukawa mgumu mapema kabla injini haijapata joto. Au maji huchanganyika na oili, ikafanana na chai ya maziwa. Lakini fundi alituonya tusihukumu kwa alama moja: utando mweupe chini ya kifuniko cha oili huweza kuwa ni unyevu tu, kwa gari liendalo safari fupi fupi.

Silinda hedi ikafunguliwa. Gasketi ilikuwa imelika karibu na silinda ile ya nne, na rula ya chuma ikaonyesha kuwa hedi, ambayo ni ya aluminiamu, imepinda kwa joto. Ikapelekwa kuchongwa, ikarudishwa kwa gasketi mpya, na bolti zikakazwa kwa zamu kutoka katikati kwenda pembeni. Lakini kabla ya hayo fundi alitafuta asili ya joto lile, maana gasketi mpya juu ya ugonjwa wa zamani ni fedha ya kutupa. Aliitoa themostati, akaitia katika sufuria ya maji jikoni. Ilikuwa imeandikwa digrii 82. Maji yakachemka, nayo haikufunguka.

Tukanyamaza. Kifaa kile hufichika ndani. Hakuna dereva awezaye kukiona kwa kutia maji. Na moshi mweupe tuliuona kwa macho yetu kila asubuhi kwa muda wa wiki mbili, tukasema ni umande. Aliyetwambia kweli ni mmoja tu, naye tulimfukuza.

Siku ya Alhamisi tuliwakusanya wanafunzi na wazee wale wale, tukamwita kijana, tukamwomba radhi kwa sauti ya kusikika, na tukamlipa ujira wa siku alizokosa. Machozi yalimtoka. Akasema, “Nimekusamehe, Maalim. Ila nataka daftari. Kila asubuhi niandike maji niliyotia, nawe utie sahihi.” Tukakubali, na daftari lile lingali garini hata leo.

Basi ninyi wenye magari, maji yakipungua bila ya kudondoka, msiongeze tu na kupita, ulizeni yaendako. Na ninyi mlio wakubwa wa nyumba na wa vyuo, mdogo wenu akiwaambia jambo mara tatu, liangalieni kabla hamjamhukumu. Gasketi huuzwa dukani. Jina la kijana, likisha kuchafuliwa, haliuzwi popote.