Inchi Mbili

Kati ya Probox inayofika Uyombo na Probox inayobaki Matsangoni stejini, tofauti ni inchi mbili. Barabara inayoacha lami ya Mombasa–Malindi na kushuka baharini inaanza kwa mchanga, inaingia mawe ya matumbawe, inarudi mchanga, na masika yakifika inageuka mto. Gari la chini linaweza kuipita, ndiyo, likiwa tupu na dereva akiwa na subira ya kinyonga. Ukilipakia samaki na barafu, tumbo linashuka, na kuna jiwe moja kabla ya minazi ambalo limeshakunywa oili ya magari mengi.

Rafiki yangu hununua samaki. Tulisoma naye primari, na jina lake nitaliacha maana ana wateja. Alfajiri anakuwa ufuoni Uyombo mashua zikiingia, anachagua changu, tafi, kolekole, pweza, anawafukia kwenye barafu, kisha anapeleka Gede na Watamu, siku nyingine mpaka Kilifi. Alianza na bodaboda ya kukodi na kreti moja. Mwaka jana akachukua mkopo wa chama akanunua Probox, na deni la chama halina likizo. Miezi mitatu baadaye gari lilikuwa linatembea likiwa limekaa kitako, pua juu, kama mbwa anayejikuna.

Probox si gari baya, msinielewe vibaya. Toyota waliitoa 2002 kuchukua nafasi ya Corolla ya mizigo, na kule Japani kazi yake ni kubeba mafundi na maboksi. Mzigo wake ni kilo 400 hivi ikiwa na watu wawili mbele. Mbele ina zile shokabzoba zilizovaa springi kwa juu, mpangilio unaoitwa kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyeubuni miaka ya 1940. Ni mpangilio mzuri: mwepesi, bei nafuu, nafasi ndogo. Lakini springi na shoki hizo zimepimwa kwa lami, na lami yenyewe ya Japani. Halafu kuna sheria yetu ya miaka minane. Gari la mitumba linaruhusiwa kuingia Kenya mradi lisipite miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo mengi yanatufikia yakiwa yameshamaliza ujana wao kwa wengine. Sisi tunapokea mtu mzima mwenye magoti mabovu na kumwambia apande mlima.

Wazee wa huku bado wanaitaja Pijo 504 kama jamaa aliyefariki mapema. Na wana haki. 504 ilishinda Safari Rally 1975, ikashinda tena 1978. Ilikuja na miguu mirefu toka kiwandani. Siku hizi miguu unaiongeza mwenyewe: unaweka spesa, kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachokaa juu ya springi na kulisukuma gari lipande. Barabara ni kazi ya serikali, hilo tulifundishwa darasani, lakini huku kila mwenye gari anainunua rejareja. Leo springi, mwezi ujao bushi, mwakani ekseli. Mwaka 2024, Uyombo ilipojaa kwenye habari kwa sababu ya mpango wa mtambo wa nyuklia, wakubwa walikuja na magari yaliyonyanyuka tayari. Jiwe letu hawakulisikia hata kidogo.

Bajeti ilikuwa 18,000. Spesa 5,000, shoki mbili mpya za mbele 9,000 kwa sababu za zamani zilikuwa zinavuja, na koili ngumu za nyuma 4,000, zilizovuliwa kwenye gari zito kwa wauza vyuma chakavu. Pesa zilikuwa zangu. Mimi naandika makala za mtandaoni kwa watu ambao sijawahi kuwaona: magodoro kumi bora, jinsi ya kumfundisha paka kutumia choo. Fundi aliyetuandikia bei alitaka kazi yake peke yake ilipwe karibu nusu ya vifaa. Tukasema hapana, tutafanya wenyewe. Jumamosi moja, chini ya mwembe wa mzee jirani. Jioni tumemaliza.

Tulimaliza siku ya kumi na moja.

Kuna video ya jamaa wa Australia ambayo nimeiangalia mara nyingi mpaka najua mbwa wake analala wapi. Anaweka soketi, anazungusha, boliti inatoka kama kifuniko cha soda. Dakika kumi na nane gari zima limepanda. Sasa njoo Matsangoni. Maji ya barafu ya samaki yana chumvi, na chumvi hiyo ilikuwa imedondoka kwa miezi kupitia sakafu ya nyuma, moja kwa moja kwenye boliti za shoki. Boliti na nati zilikuwa zimeoana. Tulimwaga dizeli, tukangoja, tukapiga nyundo, tukaunganisha spana na bomba la chuma ili tupate nguvu. Spana ikapinda. Jua la Februari likatupanda mgongoni.

"Wewe si ndio unasoma hizi vitu?" akaniuliza.

"Nasoma. Sijawahi kufungua."

"Basi soma tena."

Mwenye mwembe alikuwa ametoka na kigoda chake akakaa kivulini kututazama. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akakaa kimya karibu saa nzima. Mwishowe akasema, "Kaza kwanza."

"Mzee?"

"Hiyo nati. Mnaifungua tu, mnaifungua tu. Ikaze kidogo kwanza, ndiyo muifungue. Kutu inavunjika ukienda upande isioutegemea."

Ikakubali. Ya kulia, kwa hakika. Ya kushoto tuliikata na msumeno wa chuma, tukipokezana, mpaka saa moja usiku kwa mwanga wa simu yangu.

Siku ya pili na ya tatu zilikwenda kwa kitu kidogo kiitwacho linki, kijiti kinachounganisha shoki ya mbele na ile nondo ya kuzuia gari lisilale kwenye kona. Nati yake ukiizungusha, msumari wake nao unazunguka. Mnacheza ngoma moja. Dawa ni kuushika kwa kifunguo cha pembe sita kwenye kitundu chake cha katikati, ila kitundu kikishaliwa na kutu kifunguo kinateleza, na kila kikiteleza kitundu kinazidi kuwa duara. Rafiki yangu alikitupia maneno ambayo mamake akiyasikia atamfanyia maombi.

Springi ndiyo iliyonitia hofu. Spesa peke yake haihitaji kufungua springi, unaibana juu ya shoki nzima na kuirudisha. Lakini kubadilisha shoki ni lazima ulitoe koili lililobanwa pale, na koili lililobanwa lina nguvu ya kukuvunja taya. Kuna kifaa cha kulishikilia, vyuma viwili vyenye skrubu ndefu. Tulikikodi Kilifi, na kikaja kimoja kimepinda. Rafiki yangu akaleta kamba ya nailoni, ya mashua.

"Mafundi wote wa barabarani wanafanya hivi," akasema.

"Na nimewaona wasio na meno."

"Kila siku hii gari inakaa juu ya mawe, kuna mtu wa boda anabeba samaki wangu. Unaelewa? Wateja hawaningoji mimi."

Nilielewa. Ilikuwa bado kaskazi, bahari imetulia, mashua zinarudi na kitu. Kusi ikishaanza samaki wanapungua na pesa nazo. Alikuwa anapoteza siku nzuri za mwaka kwa sababu ya chuma kilichopinda. Hata hivyo kamba ile niliikalia, kwa maana kamili ya neno, niliiweka chini nikaikalia, mpaka alipopanda matatu kurudi Kilifi kubadilisha kifaa. Hakunisemesha mpaka kesho yake.

Halafu spesa zikakataa. Matundu yake yalipishana na skrubu za juu za shoki kwa milimita chache tu. Tulipiga simu kwenye duka la Mombasa zilikotoka, sitalitaja, na jibu likawa kwamba bidhaa ikishauzwa hairudi, na kwamba hizo ni za Probox, labda shida ni Probox yetu. Labda! Hapo hakukuwa na la kufanya ila tupa. Siku mbili za kusugua chuma kwa mkono, krrr, krrr, ukipima, ukisugua, ukipima. Vumbi la chuma liliingia mpaka kwenye chai.

Usiku wa siku ya saba tulikuwa tumebakisha tundu moja. Nikasema tulale, tutamalizia asubuhi. Akaitupa spesa chini.

"Wewe kwako si shida," akasema. "Wewe umezoea kuacha vitu katikati."

Chuo niliacha mwaka wa tatu. Karo ilikwama, nikaomba muhula mmoja nitafute, muhula ukazaa mwingine, na barua pepe za idara ya fedha zikawa zinakuja kwa adabu zaidi kadiri nilivyozidi kutokuwepo. Yeye anajua hayo yote. Ndiye aliyenipokea stejini na begi langu na ndoo. Sikumjibu. Niliosha mikono kwa mchanga na sabuni ya unga nikaenda nyumbani.

Asubuhi nilimkuta mwembeni kabla yangu, na mahamri ya moto kwenye karatasi na mbaazi kwenye kopo. "Kula tufanye kazi," akasema. Huo ndio msamaha wa huku, na mimi naukubali kuliko ule wa maneno mengi. Tulikula. Kisha, sijui kwa nini siku hiyo hasa, nikamwambia 18,000 zilikuwa za nini. Nilikuwa naziweka za kulipia salio la karo, angalau mlango ufunguke.

Akaacha kutafuna.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungezikataa."

"Ningezikataa," akasema. Akachukua tupa akaanza kusugua, na tundu lile alilimaliza peke yake bila kunipa zamu.

Gari lilishuka kutoka kwenye mawe siku ya kumi, likiwa refu, likiwa geni kidogo, kama kijana aliyerudi likizo amekua. Usukani ulikuwa umekwenda upande. Hilo video inalitaja haraka haraka mwishoni: ukilinyanyua gari, vyuma vya usukani vinabadilika pembe, na magurudumu yanaanza kutazamana au kukimbiana. Tulifunga kamba ya nailoni ile ile kutoka nyuma mpaka mbele, pande zote mbili, tukapima kwa rula ya shule mpaka yakakaribia kunyooka. Kesho yake tukaenda polepole mpaka Kilifi kwenye mashine. Fundi wa pale aliinama, akamulika tochi, akatoka.

"Nani amefanya hii?"

Tulitazamana. Mimi nilikuwa tayari kusema ni fundi fulani wa Mtwapa.

"Sisi," rafiki yangu akasema.

Fundi akainama tena. "Si mbaya," akasema, halafu akatutoza bei ya kawaida.

Niseme ukweli kuhusu hali ya gari sasa. Likiwa na mzigo, liko sawa kabisa, limekaa mlalo, na jiwe la minazini linapita chini kama halipo. Likiwa tupu, nyuma linarukaruka kama mbuzi, kwa sababu koili zile zilizaliwa kubeba gari zito na zinaudharau wepesi. Mbele kulia linagonga gurudumu likiingia shimoni. Spesa inalinyanyua gari lakini hairefushi shoki. Safari ya kwenda chini imebaki fupi, na shoki ikifika mwisho wake inabisha hodi. Jointi za ekseli nazo zinazunguka kwa pembe kali zaidi, kwa hiyo zitakwisha mapema. Hayo yote yapo kwenye mabaraza ya mtandaoni, na yote ni kweli. Ambacho hakiko kule ni kwamba barafu sasa inafika Watamu bado ni barafu, maana hasimami tena njiani kushusha mzigo, kuvusha gari, na kupakia upya.

Wiki iliyofuata alinionyesha daftari lake la biashara. Ukurasa wa madeni una mstari wa chama juu, na chini yake ameandika jina langu kwa herufi kubwa, 18,000, na safu tupu za tarehe.

"Mia tatu kila siku ya kazi," akasema.

"Sikukukopesha."

"Najua."

Siku sitini za samaki, na kusi iko njiani. Jioni ile alinipa mia tatu na pweza mmoja, akaniambia pweza hahesabiwi.