Mtoto Kamwita Dada Yake "Mama", Mama Mwenyewe Akaitwa "Mama Kazi"

Kwenye nyumba moja ya kupanga huko Tabata, bosi ana miaka miwili na miezi minne. Urefu wake haufiki hata kwenye kitasa cha mlango, lakini hakuna mtu mle ndani anayeangalia anachotaka kwenye TV bila ruhusa yake. Rimoti ni yake. Akiikosa anapiga kelele mpaka mama mwenye nyumba anabisha ukutani.

Juu yake wapo wanne. Dada mkubwa ana miaka 19. Kaka ana 16, yuko kidato cha tatu na anajiita prodyuza. Halafu Kurwa na Doto, mabinti wa miaka 11, darasa la tano, ambao wakitaka kumshtaki mtu wanamshtaki kwa zamu, mmoja akichoka mwenzake anaendelea. Kati ya hao mapacha na bosi kuna miaka tisa hivi. Nguo za watoto zilishagawiwa kwa majirani, beseni la kuogeshea likageuka la kufulia, na mama alikuwa kwenye arobaini na kitu. Alipowaambia wanawe kwamba kuna mdogo wao anakuja, kaka mtu alikaa wiki nzima bila kumwangalia mtu usoni. Alikuwa anaona aibu kwa niaba ya wazazi wake.

Alipozaliwa, aibu ikaisha. Mtoto mzuri, ana vishimo mashavuni, nani atanuna?

Sasa bwana, vituko vyake. Daftari la hesabu la Doto liliingia kwenye ndoo ya maji likiwa na kazi ya kukaguliwa kesho yake. Kaka alikuwa na biti ameitengeneza siku tatu kwenye simu, bosi akaibonyeza ikafutika yote, akacheka na kupiga makofi. Siku moja aliweka picha ya feni ya dari kwenye status ya mama yake, watu 47 wakaangalia, na shangazi mmoja akauliza kwenye grupu la familia kama kuna msiba. Akikasirika anang'ata. Akifurahi pia anang'ata.

Mama yao ni muuguzi. Zamu ya asubuhi, zamu ya jioni, zamu ya usiku, na zile siku mwenzake akiumwa anaombwa aunganishe. Baba ni dereva wa malori ya Congo. Anapakia Dar, anatokea Tunduma, anaivuka Zambia nzima, halafu analala kwenye foleni ya Kasumbalesa siku ambazo hata yeye hawezi kukuambia ni ngapi. Akirudi anakuja na vitenge na hadithi, anakaa siku nne, anaondoka.

Likizo ya uzazi kwa sheria za Tanzania ni siku 84. Siku ya 85 mtoto bado shingo yake ni ya kushikia mkono, na mama anatakiwa wodini. Bibi alikuja kutoka Korogwe akakaa miezi miwili, akasema joto la Dar litamuua, akaondoka. Dada wa kazi wa kwanza alikaa wiki tatu. Wa pili aliaga anakwenda kwenye mazishi kwao na simu yake haijapatikana hadi leo. Kwa hiyo mtoto akiwa na miezi mitano, usiku mama akiwa zamu, alianza kulala kitanda cha dada mkubwa. Hakuna kikao kilichokaa kuamua hivyo. Mtoto alilia, dada akamchukua, kesho yake akamchukua tena.

Wakati huo dada alikuwa bado sekondari. Alisoma sayansi yake huku mtoto yuko mgongoni kwa khanga, anatembea chumbani na karatasi mkononi, maana akikaa tu mtoto anaamka. Alimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka Januari. Hayakuwa ya kuandikwa gazetini, ila Baiolojia na Kemia zilikaa vizuri. Alitaka maabara. Alishamfuata mama yake kazini mara nyingi, akaona wale wenye makoti meupe wanaochungulia hadubini bila kelele za mtu, akasema hiyo ndiyo kazi.

Basi kuanzia Januari akawa nyumbani, na kazi ya kulea ikawa yake rasmi. Uji wa lishe saa moja. Kuoga saa tatu. Kumkimbiza na sahani ya wali maharage uwanja mzima. Chanjo ya surua ya miezi 18 aliyempeleka ni yeye, na nesi wa pale alimwandikia tarehe akamwambia, "Mama, usiipoteze hii kadi."

Hakusahihisha. Alishazoea. Kwenye daladala ya Segerea konda alimwita mama mtoto, akampa siti ya mbele. Bibi mmoja aliyekaa pembeni akamtazama juu mpaka chini, akatikisa kichwa: "Watoto kwa watoto. Dunia imekwisha." Dada akaangalia dirishani mpaka kituoni.

Kulikuwa na kijana pia, wa mtaa wa pili, wanachati usiku. Siku moja dada akaweka status picha yake na bosi wamevaa fulana za rangi moja. Kijana akauliza, "Huyo wako?" Angeweza kueleza kwa sentensi moja tu. Badala yake, kwa hasira ambayo hata yeye hakujua imetoka wapi, akajibu: "Ndiyo." Tiki zikawa za bluu. Mpaka leo ni za bluu.

Na kumbe mtoto naye alishaamua. Dada ndiye "Mama". Mama mwenyewe, kwa kuwa kila akiulizwa yuko wapi watu walijibu "mama kaenda kazini", akawa "Mama Kazi". Watu walicheka sana. Mama mdogo aliandika kwenye grupu kwamba mtoto huyu ana bahati, wenzake wana mama mmoja. Mama naye aliweka vikatuni vya kucheka, vitatu.

Mpaka asubuhi ile. Alitoka zamu ya usiku na maandazi kwenye mfuko, akamkuta mtoto anaamka analia, "Mama! Mama!" Akaweka mfuko chini, akakimbia kumbeba. "Mama niko hapa, baba yangu." Mtoto akamsukuma kifuani kwa mikono miwili. "Siyo wewe. Mama!"

Mama akasema, "Haya bwana, mwenyewe anakuja," akaenda kuoga. Kurwa, ambaye hakuna kinachompita nyumba ile, alisema maji yalimwagika muda mrefu sana kwa mtu ambaye kila siku anagomba kuhusu bili ya Dawasa. Mchana dada akafokewa kwa sufuria ambalo halikuoshwa. Akafokewa kweli kweli, mpaka mambo ya mwaka juzi. Sufuria lenyewe aliliacha kaka.

Ni rahisi kusema mama alikosea, au dada alizidisha. Ukweli ni kwamba mmoja alikuwa anatafuta ada na kodi na umeme wa Luku, mwingine ananyima usingizi wake wa ujana, na mtoto hajui hesabu hizo. Anajua nani yupo saa nane za usiku.

Maombi ya chuo yalipofunguliwa, dada alijaza kwa simu, usiku, mtoto amelala juu ya mkono wake wa kushoto. Vyuo vya Dar alivijua. Alichagua Dodoma. Alipochaguliwa alikaa na ile taarifa siku mbili bila kumwambia mtu, halafu akaisoma mezani wakati wa kula, kama mtu anayesoma tangazo la mwenzake.

Baba alipiga kutoka Kasumbalesa, simu ikiwa kwenye spika. "Hongera sana mwanangu. Lakini Dar hakuna vyuo?" Kimya. "Si usubiri mwaka mmoja tu? Mdogo wako akifika umri wa chekechea, hapo hata Mwanza nenda."

"Sawa, baba."

Hiyo ndiyo iliyomuudhi kaka mtu, ile sawa. Akasema kwa sauti, na simu iko hewani, "Kwani mtoto ni wa nani?" Alitukanwa kwa Kiswahili, Kinyakyusa na kile Kibemba cha barabarani. Dada akainuka kukusanya sahani.

Mama hakusema kitu siku ile, wala ya pili. Siku ya tatu alirudi zamu ya jioni, nyumba imelala, akaingia chumba cha mabinti na sare yake, akakaa ukingoni mwa kitanda. Dada alikuwa macho.

"Unajua mimi ni wa kwanza kwa bibi yako?"

"Najua, mama."

"Nyuma yangu wako sita. Unadhani kwa nini nilianza chuo nina miaka 26?"

Dada hakujibu. Kurwa, juu ya deka, alijifanya anakoroma.

"Kila mwaka nilikuwa naambiwa mwaka mmoja tu," mama akasema. Halafu akainama akamfunika mtoto miguu, akatoka. Asubuhi alimpigia mumewe, mlango umefungwa, dakika 40. Alipotoka alisema maneno mawili: "Utakwenda. Pakia."

Mambo hayakuwa rahisi eti kwa sababu neno limetoka. Ada ililipwa kwa awamu, na awamu ya kwanza iliondoka na mchezo wa mama wote. Alimwomba mkuu wa wodi apunguziwe zamu za usiku, akapewa nusu ya alichoomba. Wakatafuta kituo cha kulelea watoto mchana, kwa mama mmoja nyuma ya soko, ana watoto kumi na kitu na masufuria makubwa. Jukumu la kumchukua jioni likamwangukia kaka. Prodyuza mzima, anapita mbele ya wenzake na mkoba wenye picha ya sungura na mtoto begani. Siku ya kwanza alivaa kofia ikafunika macho. Wiki ya pili alishaacha kofia.

Dada aliondoka na SGR ya alfajiri, nauli 31,000, na mkaa kilo chache kwenye kiroba ingawa alishaambiwa hosteli hawaruhusu. Waliamua aondoke mtoto akiwa amelala, asilie. Ndivyo watu wengi wanavyofanya. Alimwangalia, akampa busu kisogoni, akabeba begi.

Mtoto alipoamka hakulia. Alidhani ni ule mchezo wao wa kujificha. Akaenda moja kwa moja nyuma ya pazia la sebuleni, akafunua, akacheka kabla hajaona kama kuna mtu. Kisha nyuma ya mlango. Kisha chini ya kitanda. Akarudi kwenye pazia. Alifanya hivyo kila asubuhi kwa siku tisa. Doto alihesabu, na siku ya nne alijificha yeye nyuma ya pazia ili mtoto akute mtu. Mtoto alimwangalia, akalishusha pazia.

Kwenye simu ya video wiki za mwanzo alikuwa anabusu kioo mpaka kinaloa mate. Baadaye anasema "Mama!" na kukimbia, katuni za Akili and Me zimeanza. Kuna usiku alipata homa kali, mama peke yake anamkanda kwa kitambaa saa tisa za usiku, mtoto anaita "Mama, Mama" na mama hajui anayeitwa ni nani. Alishika simu kumpigia binti yake Dodoma. Akaiweka. Mtoto alilala kifuani kwake na sare imejaa dawa ya homa, na kesho yake mama alichelewa kazini kwa mara ya kwanza kwa miaka mingi.

Desemba dada akarudi. Amenenepa kidogo, nywele kasuka mtindo mwingine. Kaka alimpokea, mapacha wakamrukia. Bosi alikuwa amesimama nyuma ya mama, ameshika gauni, kidole mdomoni.

"Mdogo wangu, hunijui?"

Mama akamsukuma taratibu, "Nenda kwa Dada." Mtoto akasogea hatua mbili. Kurwa alikuwa amemfundisha jinsi ya kupokea watu, na akafanya kama alivyofundishwa: akaweka mkono kichwani na kusema, "Shikamoo mgeni."

Wote wakaangua kicheko. Dada naye alicheka, akajibu, "Marahaba," akasema vumbi la safari limemzidi, anaomba akaoge kwanza. Alikaa huko muda mrefu. Kurwa alifungua mdomo aseme kitu kuhusu bili ya maji, mama akamwangalia, akaufunga.

Aliporudi alikaa kwenye kochi, mahali pake pa zamani, akawasha taarifa ya habari. Haikupita dakika mbili. Mtoto alitoka upande wa mama, akapita katikati ya sebule bila haraka, akasimama mbele yake, akainyakua rimoti mkononi mwake na kumng'ata kidole.