U2, Bono na darasa la watoto mia

Testi zilinibana wiki nzima, leo ndo napumua. Nataka tuongee kuhusu U2, bendi ya roki ya kule Dublin, Ireland. Najua wengi wenu ni watu wa bongo fleva na singeli, ila vumilieni kidogo. Hawa wazee wanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Walianza 1976 wakiwa wanafunzi wa sekondari. Mpiga ngoma, Larry Mullen, alibandika tangazo kwenye ubao wa shule akitafuta wenzake wa kupiga muziki, basi. Leo wana tuzo 22 za Grammy, na ziara yao ya 2009 hadi 2011 iliingiza zaidi ya dola milioni 700. Si mchezo.

Pamoja na hayo yote, ni bendi inayotukanwa kweli kweli. Septemba 2014 kampuni ya Apple iliweka albamu yao mpya bure kwenye akaunti za wateja kama milioni 500, bila mtu kuomba. Watu wakakasirika hadi Apple ikatoa njia maalumu ya kuifuta, na mwimbaji wao, Bono, akaomba radhi. Kwangu mimi hilo dogo. Wimbo usioutaka unafuta, maisha yanaendelea.

Kubwa ni mambo ya pesa. Mwaka 1999 Bono alijiunga na kampeni ya Jubilee 2000, akizunguka kwa wakubwa wa dunia kudai nchi maskini zifutiwe madeni. Tanzania ikapata msamaha wake 2001, ada ya shule za msingi ikafutwa, MMEM ikaanza 2002. Wanafunzi wa msingi wakapanda kutoka milioni 4.4 hivi mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka 2005. Dada yangu yumo humo. Aliingia darasa la kwanza 2002, wakati mama hana hata hela ya daftari. Sisemi Bono ndiye aliyemsomesha, maana waliopiga kelele walikuwa wengi, makanisa na wanaharakati wa huku kwetu wakiwemo. Ila na yeye alikuwemo, tumpe haki yake.

Sasa sikia. 2006 Ireland ikapunguza msamaha wa kodi kwa wasanii, U2 wakahamishia sehemu ya biashara yao Uholanzi, ambako kodi ilikuwa nafuu. Kisheria ni halali, na Bono ameutetea uamuzi huo. Lakini jamani! Unaiambia serikali itoe zaidi kwa maskini, halafu wewe unatafuta pa kutoa kidogo? Ndiyo maana 2011 waandamanaji waliwafuata hadi kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza, na puto kubwa la kuwadai kodi.

Ubishi huu ulishafika mpaka kwetu. Juni 2007, kwenye mkutano wa TED pale Arusha, mwandishi wa Uganda Andrew Mwenda alisema misaada haijaiendeleza Afrika. Bono alikuwa ukumbini, akapaza sauti kumpinga. Watu wanapenda kuuliza nani alishinda siku ile. Mimi kama mwalimu mtarajiwa naangalia darasa la dada yangu: watoto zaidi ya mia, mwalimu mmoja, wengine wamekaa chini. Msamaha wa madeni uliwafikisha mlangoni. Mwalimu wa pili analetwa na kodi, tena inayolipwa kila mwaka, sio siku moja ya huruma. Hata bumu tunalolisubiri hapa linatoka humo humo, na mshahara wangu, nikibahatika kuajiriwa, vilevile.

Kwa hiyo mkiniuliza niko upande gani: muziki wao nausikiliza, kwenye madeni nawapa heshima yao, kwenye kodi siwatetei. Na wanaosema Bono ni mnafiki tu, mwisho wa habari, siko nao pia. Mtu anaweza kukusaidia kweli na bado akakukosea kweli.

Tena tusimcheke sana. Ukienda Kariakoo kununua simu, muuzaji akakuuliza, "Na risiti au bila risiti?", ujue swali ni lile lile walilojibu U2 mwaka 2006. Wewe huwa unajibuje?

Ngoja niwahi kipindi. Tupo pamoja.