Maneno ya Mlangoni mwa Chuo Kikuu

Matokeo ya mtihani wa serikali yanapotangazwa, poda nyeupe humwagwa vichwani na nyimbo husikika hadi usiku. Majuma machache baadaye waliofaulu husimama mbele ya ukuta wa ofisi ya uandikishaji wakisoma maneno ambayo hakuna aliyewafundisha darasani. Nimewasindikiza wengi kwenye ukuta huo, na neno linalowapoteza kuliko yote ni lile wanalodhani wanalijua: lisansi.

Sisi tuliosomea ualimu zamani tulipanda ngazi mbili: gradua ya miaka 3, kisha lisansi ya miaka 2. Aliyeishia kwenye gradua alifundisha madarasa ya chini ya sekondari. Mwenye lisansi alikabidhiwa madarasa ya juu. Ndiyo maana katika familia zetu neno hilo lilikuwa na uzito. Lilimaanisha miaka 5 ya masomo, na mara nyingi shamba lililouzwa. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 ilileta mpango mwingine, wa lisansi, masta na doktora, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeanza kuufuata kwa jumla. Humo gradua haipo tena. Lisansi ni miaka 3, na masta ni miaka 2 juu yake. Hata alama za madarasa zimehama: zamani mtu wa L2 alikuwa mwaka wa mwisho, leo L2 ni mwaka wa pili tu.

Baba mmoja wa jumuiya yetu alinijia amekasirika. «Mwalimu, wanamwibia binti yangu. Miaka 3 haiwezi kuitwa lisansi.» Nilichukua karatasi, nikamchorea safu mbili, ya zamani na ya sasa. Hesabu aliielewa upesi. Kisha akauliza jambo zito zaidi: «Basi, mwajiri atampima namna gani?» Nilimjibu kwamba katika ofisi nyingi wanaosoma barua za kazi ni watu wa mpango wa zamani, binti aandike daima idadi ya miaka aliyosoma, asiache neno peke yake lijitetee. Na ikiwa familia inataka afikie miaka ile ile 5 ya lisansi ya zamani, fedha zipangwe mpaka masta, tangu leo. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa amepanga ya miaka 3.

Neno kredi nalo huchekesha, kwa sababu kwetu kredi ni deni la dukani. Chuoni ni kipimo cha kazi ya mwanafunzi: saa za kumsikiliza profesa pamoja na saa za kujisomea. Mwaka mzima ni kredi 60, lisansi ni 180, masta huongeza 120. Anayehesabu saa za darasani tu hushangaa mitihani inapofika.

Kununua fomu si kukubaliwa. Diploma ya serikali hupatikana kuanzia asilimia 50, lakini fakulte inaweza kudai zaidi, au kuweka mtihani wake wa kuingia, hasa kwa utabibu na uhandisi. Mahali pengine watakutaka kwanza mwaka wa matayarisho, nao ni mwaka wa kulipiwa kama mingine. Uliza pia kama pesa ya fomu hurudishwa ukikataliwa. Mara nyingi hairudishwi.

Kwa shule za juu za binafsi, jueni maneno mawili. La kwanza ni kibali: hati ya serikali inayoiruhusu shule kufundisha fani fulani. Shule yaweza kuwa na kibali cha uchumi na isiwe na cha utabibu, hata kama bango lake linataja vyote viwili. La pili ni anterinema, yaani serikali kuihakiki na kuithibitisha diploma iliyotolewa na shule hiyo. Pasipo hilo, miaka yako yote inaweza kuishia kwenye karatasi ambayo ofisi ya umma haitaipokea. Omba kuona hati ya kibali kabla ya kulipa: namba yake, tarehe yake, na jina la fani yako ndani yake. Wakikuambia urudi kesho, kisha kesho tena, chukua bahasha yako ya bulete na uende kwenye mlango mwingine.