Macho ya Wengi Yalimlinda Furukombe

Kitu cha thamani hulindwa kwa kufichwa? La hasha! Furukombe, ndege mvuvi, aliangamizwa kule Scotland kwa bunduki na wezi wa mayai. Aliporejea karibu na Loch Garten mwaka wa 1954, alilindwa kwa siri. Hata hivyo, usiku mmoja wa 1958 mwizi alipanda mti, akaacha kiotani mayai ya kuku yaliyopakwa rangi.

Mwaka wa 1959, George Waterston na wenzake waliwaalika wananchi waje kutazama. Walifika takriban 14,000, na makinda matatu yakaruka salama.

Ndiyo maana nikiwapeleka wanangu Ziwa Naivasha, ambako furukombe wahamiaji huonekana, huwakabidhi darubini kwanza. Aliyemwona ndege akinasa samaki hatakubali aibiwe mayai.